Shangazi, nasoma hadi usiku wa manane na bado nafeli: niahirishe mwaka au nikomae?

Shikamoo shangazi,

Naomba usitaje jina langu wala chuo changu. Mimi ni msichana wa miaka 21, nasoma famasia mwaka wa pili. Safu hii nimeisoma tangu niko sekondari na sikuwahi kudhani ipo siku nitakuandikia mimi.

Sekondari nilikuwa wa kwanza au wa pili darasani. Sikujisumbua sana. Usiku wa kuamkia mtihani nilipitia daftari mara mbili tatu, nikaingia, nikafaulu. Walimu walinipa kazi ya kuwaelekeza wenzangu. Nilipopata nafasi ya famasia hakuna aliyeshangaa. Mwaka wa kwanza nilivuka kwa shida, nikajiambia ni ugeni wa chuo. Sasa matokeo ya muhula yametoka na nimefeli fiziolojia na biokemia. Nina sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, zimebaki wiki tano. Kwa taratibu za chuo chetu nikishindwa sapu narudia mwaka, na nikirudia nikashindwa tena ndiyo basi, naondolewa.

Kinachoniumiza ni kwamba sikufeli kwa uvivu. Nikitoka darasani jioni naoga, nakaa mezani mpaka saa nane, saa tisa usiku. Daftari zangu zimejaa mistari ya rangi kuanzia juu hadi chini: njano kwa maana, kijani kwa mifano, pinki kwa vitu ninavyohisi vitatoka. Sura ya figo nimeirudia hadi najua sentensi inayofuata kabla sijafunua ukurasa. Halafu mtihani ukauliza: mtu amepata ajali na kupoteza damu nyingi, eleza hatua kwa hatua mwili utafanya nini kulinda presha yake. Nilijua jibu liko katika sura ileile. Niliuona ukurasa wenyewe kichwani, mchoro uko juu kulia, pembeni nimeandika "muhimu" kwa pinki. Lakini maneno hayakuwemo. Mikono ikaanza kutetemeka, moyo ukaenda mbio, na hata maswali niliyoyaweza yakanipotea. Nilikabidhi karatasi kabla ya muda kwa sababu nilikuwa naitazama tu.

Ninayeishi naye chumbani tuko kozi moja. Saa nne usiku anafunga daftari, analala. Mchana namwona na wenzake kwenye ngazi za maktaba wanabishana na kucheka. Amefaulu masomo yote. Nikimtazama najiona niliingia kozi hii kwa bahati tu, na sasa bahati imekwisha.

Kuna mwanafunzi mwingine ameniletea vidonge vya kuondoa usingizi. Anasema ndivyo vilivyomvusha. Sijavimeza, viko kwenye droo.

Nyumbani hawajui lolote. Mama ndiye anayebeba ada yangu peke yake. Hupiga simu kila Jumapili na kuuliza, "Masomo yanaendaje mwanangu?" Namjibu, "Vizuri mama." Nikikata simu nalia.

Nimefikiria kwenda ofisini niombe kuahirisha mwaka, nipumzike, nirudi na akili mpya, ila naogopa nikiondoka sitarudi. Wazo jingine ni kubadili kozi nichukue kitu chepesi. Au nikomae, nizidishe saa za kusoma, wikendi nisilale kabisa. Siku hizi chakula hakipandi, nimeacha mpira wa wavu, simu za marafiki sipokei, na kuna usiku nalala nikitamani nisiamke. Sijui kama ni uchovu au ni nini.

Niambie shangazi, niahirishe au nikomae?

Wako,
Mwanafunzi aliyechoka

—

Marahaba mwanangu. Ahsante kwa kuniamini na jambo ambalo hata mama yako hujamwambia.

Kabla ya sapu na kabla ya kozi, nataka tuanze na maneno uliyoyachomeka mwishoni kama unayepita njia: kwamba kuna usiku unalala ukitamani usiamke. Huenda ulimaanisha umechoka kupita kiasi. Huenda ulimaanisha zaidi ya hapo. Siko karibu nikutazame usoni, kwa hiyo nakuuliza waziwazi na ujijibu kwa ukweli: je, umewahi kufikiria kujidhuru? Kama jibu ni ndiyo, au hata "sina hakika", usisubiri jibu la barua nyingine. Leo hii mwambie mtu mmoja anayeweza kukaa nawe, awe huyo mwenzako wa chumbani au rafiki ambaye simu zake huzipokei, akusindikize hadi zahanati ya chuo au hospitali iliyo karibu, na ukifika useme maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, bila kuyapunguza. Na vile vidonge vitoke chumbani mwako leo.

Hata kama jibu ni hapana, bado nataka ukamwone daktari au mshauri wa wanafunzi wiki hii. Kukosa hamu ya kula, kuacha mchezo ulioupenda, kujitenga, kukata tamaa: hali hizi zikikaa wiki mbili au zaidi, daktari hachukulii kuwa ni uzembe wala udhaifu wa moyo. Atachunguza kama ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na sonona hugusa umakini na kumbukumbu, yaani vitu vilevile unavyovitegemea kusoma. Kama ndiyo iliyokukalia, hakuna ratiba ya masomo itakayoiondoa. Ina matibabu, na watu wanapona. Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe umeficha kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwenye masomo. Ninavyokuelewa, una mitihani miwili ya marudio, wiki tano, na njia tatu mbele yako: kuahirisha, kubadili kozi, au kuongeza saa za kusoma. Umeniomba nikuchagulie. Sitakuchagulia, kwa sababu njia zote tatu umezijenga juu ya imani moja ambayo sioni kama umeipima, kwamba umefanya kila kinachowezekana na akili yako imefika mwisho. Nina shaka na hilo, na shaka yangu inatokana na barua yako mwenyewe.

Rudi kwenye ule ukurasa ulioukumbuka mtihanini. Uliona mchoro ulipo, ukaona na rangi ya kalamu, maneno hayakuja. Ni kama mtu unayekutana naye kila siku njiani: sura unaijua vizuri, lakini akikuuliza jina lake huna. Kurudia kusoma na kupiga mistari kulikufundisha kuutambua ukurasa. Mtihani haukuuliza kama unautambua. Uliuliza unaweza kutoa nini kichwani ukurasa usipokuwepo, na jambo hilo, kwa jinsi unavyosimulia, hukulifanyia mazoezi hata usiku mmoja.

Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo makala fupi za kusoma. Baadhi walirudia kuzisoma, wengine waliziweka pembeni na kuandika yote wanayoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Kwa waliopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, waliojipima wakakumbuka 56. Soma tena namba hizo ukifikiria sekondari yako. Ulipitia daftari usiku, asubuhi ukaingia kwenye mtihani, na njia ile ilikutosha kwa sababu mtihani ulikuja kabla hujasahau na mambo yenyewe hayakuwa mengi. Chuoni muhula ni mrefu, sura ni nyingi, na swali halisemi "taja". Linakupa mtu aliyepoteza damu na kukutaka ufikiri. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kujisomea ambazo wanafunzi huzitumia. Kupiga mistari na kurudia kusoma ziliwekwa miongoni mwa zenye faida ndogo. Kujipima na kutawanya masomo kwa siku nyingi ndizo zilizowekwa juu kabisa. Kwa hiyo ninaposoma kuhusu saa nane na saa tisa zako za usiku, sioni binti asiye na akili. Naona binti aliyefanya kazi kubwa sana kwa mbinu ambayo haimlipi.

Acha nikuonyeshe ninachomaanisha kwa biokemia yako. Soma mzunguko wa Krebs, zile hatua ambazo seli hupitia kupata nishati, mara moja, kwa utulivu. Funga kitabu, weka karatasi tupu mbele yako na uanze: asetili-CoA inaungana na oksaloasetati, inapatikana sitrati, halafu… Utakwama. Usikimbilie kitabu. Kaa na ugumu huo dakika moja mbili, jaribu kukisia, andika unachokisia. Kisha fungua, na zile kalamu zako za rangi sasa zipate kazi nyingine: kusahihisha ulipokosea na kujaza ulipoacha wazi. Kesho yake chukua karatasi nyingine tupu, anza upya. Ukiuweza wote, usiuguse kwa siku tatu, kisha urudie. Halafu baada ya wiki. Itakuuma. Ukisoma kwa kurudia unajisikia unajua, ukijipima unajisikia hujui kitu, na ndiyo maana wengi huiacha njia hii mapema. Nakuomba usiihukumu kwa jinsi inavyokufanya ujisikie siku ya kwanza. Ihukumu kwa karatasi ya wiki ijayo.

Kwa fiziolojia, anza na swali lililokushinda. Damu imepungua, presha imeshuka. Mapigo ya moyo yanaongezeka. Figo zinahisi upungufu, zinamwaga kimeng'enya kiitwacho renini. Renini inaifanya angiotensinojeni kuwa angiotensini I, nayo inageuzwa, hasa kwenye mapafu, kuwa angiotensini II. Mishipa inabana. Homoni ya aldosteroni inatoka, figo zinabakiza chumvi, na maji yanafuata. Ukishaweza kulisimulia hili bila daftari, jiulize swali ambalo mwalimu bado hajaliuliza: je, kama majeruhi huyo alikuwa anameza enalapril kwa ajili ya presha, ambayo inazuia angiotensini I isigeuzwe, mwili wake utajikinga vipi? Hapo fiziolojia inaacha kuwa sura ya kitabu na inakuwa kazi utakayoifanya dukani na wodini. Hebu angalia pia kama swali hilo linakuvutia au linakuchosha. Jibu lake utalihitaji tutakapofika kwenye suala la kubadili kozi.

Mwenzako wa chumbani unamtazama na kujidharau. Lakini umeniandikia kwamba mchana wanabishana kwenye ngazi za maktaba. Umewahi kujiuliza wanabishana nini? Sijui, huenda ni mpira. Ila huenda wanaulizana maswali ya fiziolojia, mmoja anaeleza, mwingine anapinga, na saa mbili za namna hiyo zinaweza kuzaa kuliko usiku mzima wa rangi tatu. Unachokiona ni saa anayofunga daftari. Alichofanya kabla ya hapo hukioni. Muulize, "Wewe huwa unasomaje?" Na omba kukaa nao siku moja. Kuhusu hisia kwamba uliingia kwa bahati, mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliiandika hali hiyo baada ya kuiona kwa wanawake waliofaulu sana masomoni na kazini, ambao bado waliamini wamewadanganya watu na ipo siku watagunduliwa. Kujisikia hivyo si ushahidi kwamba hustahili kuwepo. Ulifikiria bahati tu kwa sababu hukuwa na maelezo mengine ya kufeli. Sasa unayo angalau moja.

Kabla ya kuamua chochote nakuomba ufanye jambo moja ambalo wanafunzi wengi huliogopa: nenda ofisini kwa wahadhiri wa masomo hayo mawili na uulize kama unaweza kuonyeshwa karatasi zako, au angalau kuelezwa alama zilipotelea wapi. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyejibu maswali yote kwa upungufu na mtu aliyejibu matatu vizuri kisha akaacha mengine wazi kwa sababu mikono inatetemeka. Wa kwanza ana tatizo la kuelewa au la mbinu. Wa pili ana tatizo la hofu. Dawa zao hazifanani, na kwa sasa hujui wewe ni yupi, au kama ni wote wawili. Ukitoka hapo na mitihani ya nyuma mkononi, utakuwa na vya kujipimia.

Hofu yenyewe ina yake. Gerardo Ramirez na Sian Beilock waliripoti mwaka 2011 kwamba wanafunzi wenye hofu ya mtihani walifanya vizuri zaidi walipopewa dakika 10 kabla ya kuanza waandike kwenye karatasi wanachokiogopa. Haimsaidii kila mtu kwa kiasi kilekile, lakini haigharimu chochote na unaweza kuijaribu nje ya ukumbi. Ukiwa ndani, mikono ikianza, weka kalamu chini, toa pumzi polepole zaidi ya ulivyoivuta, mara kadhaa, kisha tafuta swali unaloliweza na uanze nalo hata kama ni la mwisho kwenye karatasi. Na jipime nyumbani kwa saa, umekaa peke yako na mtihani wa nyuma, ili hali ile isiwe ngeni siku yenyewe.

Usingizi sitauzungukia. Kuacha kulala wikendi ni wazo litakalokuumiza. Ulichosoma mchana ubongo hukiimarisha ukiwa umelala. Ukikesha unakata kazi katikati. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi ya mikono na macho vibaya sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, unafika hapo saa tano usiku, na wewe bado una saa tatu nne za kusoma mbele yako. Mtu mzima anahitaji walau saa 7. Kama unatumia kahawa, kumbuka kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini kwa watu wengi, kwa hiyo kikombe cha jioni unakwenda nacho kitandani.

Na wewe unayesomea dawa, vidonge bila jina, bila dozi, bila kujua moyo wako utavipokeaje, ungemruhusu mgonjwa wako avimeze? Dawa za kuondoa usingizi nyingi hutolewa kwa cheti cha daktari kwa sababu zinapandisha mapigo ya moyo na presha, zinaongeza wasiwasi, zinakata hamu ya kula, na baadhi zinajenga utegemezi. Tayari huli na moyo wako unakwenda mbio. Usiongeze.

Katika kupanga wiki tano hizo, kuwa mpole na makadirio yako. Roger Buehler na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1994, waliwaomba wanafunzi wakisie watamaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Wastani wa makisio ulikuwa kama siku 34; walitumia zaidi ya 55. Kwa hiyo ukipanga sura nne kwa siku, utamaliza mbili na kujiita mzembe. Panga pungufu, acha nusu siku kila wiki bila kitu ili ijazwe na yaliyochelewa, changanya masomo yote mawili katika wiki moja badala ya kumaliza moja kwanza, na jioni mbili urudi kwenye mpira wa wavu. Usiuchukulie mpira kama anasa. Mwili unaotokwa jasho hulala.

Sasa njia zako tatu.

Kukaa na kufanya sapu kuna faida ya kutopoteza mwaka, na mambo bado mabichi kichwani. Hatari yake ni kama utaingia na mbinu ileile, usingizi uleule na moyo uleule. Basi utakuwa umenunua maumivu mengine. Ukichagua hii, jiwekee kipimo cha mapema. Baada ya wiki mbili za karatasi tupu, fanya mtihani mmoja wa nyuma kwa saa. Matokeo yake yatakwambia mengi kuliko mimi.

Kuahirisha kunaweza kuwa uamuzi wa busara sana, hasa daktari akisema una sonona au mwili wako umechoka kiasi cha kuhitaji matibabu. Mwanafunzi aliyevunjika mguu haoni aibu kuahirisha. Lakini umeandika "nirudi na akili mpya", na hapo ndipo nasita. Mwaka wa kupumzika haubadilishi namna ya kusoma usipoibadilisha wewe. Nakuuliza: utakuwa wapi mwaka huo, unafanya nini asubuhi, nani atajua unaendeleaje? Kukaa chumbani ukiwakwepa watu kunaweza kukuzamisha zaidi. Hofu yako ya kutorudi nayo si ya kupuuza. Kaulize ofisi ya usajili na uandike majibu: mwisho wa kuomba ni lini, je, unaweza kuomba kabla ya sapu au ni lazima uzifanye kwanza, cheti cha daktari kinahitajika, ada uliyolipa inahesabiwaje, kama una mkopo au ufadhili utasimama au utafutwa, na nafasi yako inahifadhiwa kwa muda gani. Vyuo vinatofautiana sana kwa haya, usitegemee maneno ya wanafunzi wenzako. Uliza pia kama kuna njia ya katikati, mfano kufanya somo moja sasa na jingine baadaye kwa sababu za kiafya.

Kubadili kozi wengi hulichukulia kama kushindwa, mimi silioni hivyo. Ila umesema "kitu chepesi", hukutaja hata kozi moja. Mtu anayehama kwa sababu anaipenda kozi nyingine na mtu anayehama kwa sababu anakimbia, wote wanaweza kufika mahali pazuri, lakini wa pili mara nyingi hugundua kwamba kozi mpya nayo ina mtihani, na namna yake ya kusoma amehama nayo. Kama lile swali la majeruhi na enalapril lilikuamsha kidogo, hata katika uchovu huu, hilo ni la kuzingatia. Kama halikukugusa kabisa, na ulichagua famasia kwa sababu watu walitegemea uichague, hilo nalo ni la kuzingatia. Sitaki ulijibu usiku wa leo. Maswali ya namna hii hujibiwa vibaya na mtu ambaye hajala wala kulala.

Limebaki la mama. Umemchukulia kwamba akijua atavunjika moyo, na huenda ataumia kweli. Mzazi anayebeba ada peke yake ana haki ya kuumia. Lakini kwa sasa anazungumza kila Jumapili na binti asiyekuwepo, huku binti aliyepo analia peke yake. Kumwambia kuna hatari: anaweza kukasirika, anaweza kuwaambia ndugu, anaweza kukushinikiza uamue haraka. Kutomwambia nako kuna hatari, na kubwa kwangu ni kwamba atakuja kujua kwa njia nyingine, na kitakachomuuma zaidi si kufeli. Wewe unamjua kuliko mimi. Kama unaona ni vigumu kuanza naye, yupo shangazi, mjomba au dada mkubwa anayesikilizwa na mama na anayekusikiliza wewe? Kama utaanza mwenyewe, usimpigie ukiwa umetoka kulia. Unaweza kumwambia hivi: "Mama, kuna jambo nimekuficha na linanitesa. Nimefeli masomo mawili, nina mtihani wa marudio. Sikuwa nazembea, nilikuwa nasoma vibaya na afya yangu haiko sawa. Nimeshaenda kwa daktari na nimeshaongea na walimu. Sikuombi uamue leo, naomba tu ujue." Ndiyo maana nimetaka daktari na wahadhiri watangulie: utampigia ukiwa na kitu mkononi, naye atasikia binti anayehangaika kujisimamia.

Kwa hiyo wiki hii usiamue kuhusu mwaka. Amua kuhusu daktari, usingizi, karatasi tupu moja kila siku, na zile ziara mbili ofisini kwa wahadhiri. Ukishapata majibu ya ofisi ya usajili na bado moyo unasita, niandikie tena na uniambie walichokujibu, pamoja na alama ulizopata kwenye ule mtihani wa nyuma. Tutayapima tukiwa na vitu hivyo mezani.

Shangazi yako